Singo ya Bi Mwanamina

Bi Mwanamina hakuwahi kumuuzia mtu singo bila kuzungumza naye kwanza. Mwanamke akibisha hodi nyumbani kwake Shela, Malindi, kutaka singo ya arusi, ule mchanganyiko wa karafuu, liwa na waridi wa kusugulia ngozi ya bibi arusi, alikaribishwa ndani, akawekwa kitako, akapewa kahawa ya tangawizi. Aliulizwa habari za kwao, za upande wa bwana arusi, na arusi yenyewe itakuwa wapi. Katikati ya mazungumzo hayo, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki, Bi Mwanamina alimgeukia mwari atakayeolewa na kumwambia, "Na ngozi yako, mwanangu, siku hizi waipaka nini?"

Mwari akiinamisha macho, Bi Mwanamina alikuwa ameshapata jibu. Wasichana wengi walikuwa wakijichubua kwa krimu za madukani, na ngozi iliyochubuliwa haistahimili karafuu. Hakuwakemea. Aliwatwangia singo nyingine, ya liwa na waridi tupu, akawaambia waache krimu mpaka ngozi irudi. Mama aliyeketi pembeni mara nyingi hakujua kwamba bintiye ameungama jambo.

Raiya alikulia katika nyumba hiyo. Babake alikuwa kaka wa Bi Mwanamina, na alipofariki shangazi mtu alimchukua akamlea pamoja na mwanawe wa pekee, Ayman. Raiya alisomea kubuni tovuti, akaajiriwa Nairobi na kampuni iliyouza viatu mtandaoni. Ndoa yake ilipovunjika alirudi Malindi na kompyuta yake na masanduku mawili, akapewa chumba cha ghorofani. Ayman alikuwa akifanya biashara Mombasa. Ijumaa moja, baada ya chakula, alimwambia Raiya mbele ya mamake, "Wewe umewatengenezea watu wa mbali maduka yao. Duka la nyumbani je?"

Raiya aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alichora ukurasa wa kwanza, kisha akawaita majirani mmoja mmoja, akawapa simu na kuwaambia, "Jifanye wataka kununua kitu." Halafu akanyamaza na kutazama vidole vyao. Mwanzoni alikuwa amepanga bidhaa kwa majina yake: singo, udi, liwa, dalia. Jirani mmoja alipandisha na kushusha ukurasa mpaka akachoka.

"Mimi nataka vile vitu vya mzazi wa arubaini," alisema. "Sijui kila kimoja chaitwaje."

Raiya akaubomoa ukurasa wote na kuupanga upya. Sasa mteja alikuta Arusi, Uzazi, Idi, Nyumbani, akagusa shughuli yake na kukuta vinavyohitajika vimewekwa pamoja. Alishusha kitufe cha kununua mahali ambapo kidole gumba hufika bila kunyooshwa. Alihakikisha kila ukurasa una njia ya kurudi nyuma, na kwamba hakuna anayelazimishwa kujiandikisha kabla ya kuona bidhaa. Mambo haya hakuyabuni yeye. Yalikuwa ruwaza, njia zilizojaribiwa na wabunifu wengi kabla yake mpaka zikajulikana kwamba zinamrahisishia mteja. Kimoja tu kilikuwa chake mwenyewe: juu ya kila ukurasa, kando ya picha ya shangazi yake akiwa amejitanda leso, palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Zungumza na Bi Mwanamina." Ukikibonyeza, simu ya Bi Mwanamina inalia.

Na ililia. Walipiga kutoka Lamu na Mombasa, kutoka Mariakani, hata kutoka Maskati. Bi Mwanamina alinunuliwa vidude vya kusikilizia masikioni, akawa anapita ukumbini akicheka na watu asiowaona, huku Easter, mwanamke wa Kitui aliyemsaidia kutwanga kwa miaka mingi, akipokea maagizo kwa ishara za mikono.

"Kumbe dunia ina wari wengi hivi!" Bi Mwanamina alimwambia Raiya jioni, sauti ikimkauka. Raiya hakuwa amemwona na furaha kama ile tangu mumewe afariki.

Ayman aliona jambo jingine. Aliona wateja wakisubiri. Mamake akiwa anaswali, wanasubiri. Akilala mchana, wanasubiri. Akipata mwari mwenye maneno mengi, wengine watano wanapiga wanakuta simu ina shughuli, nao wanakwenda zao.

"Maswali anayouliza Mama ni yale yale," alimwambia Raiya. "Yaandike. Mteja ajibu mwenyewe kwenye ukurasa, mfumo umchagulie singo yake. Mama apumzike."

Raiya hakuona ubaya. Aliketi na shangazi yake asubuhi nzima akayaandika maswali, kisha akayageuza kuwa hatua: swali moja kwa kila ukurasa, picha ndogo za kugusa badala ya kuandika, na mstari juu unaomwonyesha mteja amefika wapi. Ilikuwa kazi safi. Aliwaita tena majirani, nao wakaipita kwa urahisi huku wakitabasamu. Aliiangalia kazi ile kama mshonaji anavyoiangalia nguo iliyomkaa mtu vizuri.

Lakini baada ya kuifungulia watu wote, takwimu zikaonyesha kitu. Wanawake walijibu habari za arusi, wakajibu habari za harufu wanazopenda, wakafika kwenye swali la ngozi na krimu, wakafunga ukurasa. Majirani hawakufanya hivyo kwa sababu Raiya alikuwa ameketi nao. Waliokuwa peke yao na simu zao waliliona swali lile limeandikwa kwa herufi nyeusi, wakaona haya, wakaondoka.

Raiya alilipunguza makali. Akalihamishia mwisho. Akaliwekea maneno ya kumtoa mtu wasiwasi. Bado waliondoka.

"Hapa ndipo tunapovuja," Ayman alisema, kidole kikiwa juu ya kioo. "Litoe."

"Shangazi huliuliza kila mtu."

"Mama huliuliza kwa mdomo. Huku limekuwa ukuta. Wewe mwenyewe si ndiye uliyenifundisha kwamba swali linalomsimamisha mteja ni swali baya?"

Ni kweli alikuwa amemfundisha hivyo. Kule Nairobi alisifiwa kwa kupunguza maswali. Alipunguza mpaka watu wakanunua viatu kama wanaokota njiani. Akalitoa. Mahali pake, chini kabisa ya ukurasa, aliweka mstari mdogo wa kijivu: "Haifai kwa ngozi iliyojeruhiwa au iliyopakwa krimu kali." Alijua kutokana na kazi yake kwamba hakuna mtu anayesoma chini kabisa ya ukurasa. Aliuweka hata hivyo, kisha akashuka kula.

Mauzo yakapanda. Ayman akamleta kijana mmoja wa kompyuta aliyekaa Mombasa, Joram, akatengeneza mfumo wa kompyuta unaowajibu wateja wenyewe, bila mtu. Ulihitaji sauti. Bi Mwanamina aliketishwa mbele ya maikrofoni akaambiwa ni matangazo ya Idi, akasoma sentensi nyingi alizoandikiwa, akicheka kila alipokosea. Raiya alibadilisha kitufe. Maneno yalibaki yale yale, "Zungumza na Bi Mwanamina," na picha ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni kilichokuwa nyuma yake.

"Mbona simu yangu hailii siku hizi?" Bi Mwanamina aliuliza.

"Umri wa kupumzika huu, Mama," Ayman alimjibu. "Watu wanahudumiwa, usiwe na wasiwasi."

Mamake akamtazama Raiya. Raiya akasema, "Mambo yanakwenda vizuri, shangazi." Bi Mwanamina akavivua vile vidude vya masikioni, akavizungushia waya wake, akaviweka kabatini.

Picha ilianza kuzunguka katika simu za watu siku ya Jumanne. Ilikuwa ya msichana wa Mtwapa, uso umevimba, mashavu yamebabuka mekundu kama nyama iliyotolewa ngozi. Chini yake ameandika: "Bi Mwanamina wa Malindi ameniunguza wiki ya harusi yangu." Kufikia adhuhuri jirani aliingia bila kubisha hodi, akamwekea Bi Mwanamina simu mkononi.

Bi Mwanamina aliitazama picha muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu sikuzungumza naye. Uso huu ningeukumbuka. Nani alizungumza naye?"

Raiya alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Raiya. Nakuuliza wewe."

"Aliagiza mtandaoni, shangazi."

"Najua kaagiza mtandaoni. Nauliza nani kazungumza naye."

Ayman alifika kutoka Mombasa alasiri ile, hakukaa hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja ghorofani, akafungua kompyuta, akaandika tangazo. Raiya alilisoma likiwa limeshatoka. Lilisema kwamba kampuni inasikitika, kwamba uchunguzi umeonyesha kosa la kupima lililofanywa na fundi wetu mzee, na kwamba kuanzia sasa uchanganyaji utasimamiwa na watu wengine.

"Fundi wetu mzee?" Raiya alisema. "Ayman, huyo ni mamako."

"Sikumtaja jina."

"Jina lake ndilo jina la duka! Hakukosea kupima. Mimi nililitoa swali, wewe uliniambia nilitoe. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo tumekwisha. Watu wanamsamehe mama mzee. Hawaisamehe kampuni." Alifunga kompyuta. "Mama hasomi mambo haya. Yatapita."

Lakini Malindi wanasoma, na mambo hayakupita. Mwanamke aliyekuwa ameagiza singo ya arusi ya bintiye alimtuma mtoto kuja kusema kwamba wameamua kutumia ya dukani. Sokoni muuza karafuu, aliyekuwa akimwita Bi Mwanamina mama, alimuuliza Easter kama ni kweli bibi yake sasa haoni vizuri. Easter alirudi na kikapu kitupu, akakaa kando ya kinu, hakukigusa.

Raiya aliamua kwenda Mtwapa. Hakumwambia mtu. Msichana aliitwa Ndinda. Alikuwa msusi, na chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni aliyofanyia kazi, mapazia yamefungwa mchana wote. Alifungua mlango akiwa amejifunika mtandio mpaka puani.

"Mimi natoka kwa Bi Mwanamina," Raiya alisema. "Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nimekuja kukupa pole."

"Pole yenu niliisoma," Ndinda alisema. Lakini alimwacha aingie.

Raiya alikaa ukingoni mwa kiti. Alimweleza kwamba shangazi yake hakukosea, kwamba kulikuwa na swali kuhusu krimu ambalo lingemkinga, na yeye ndiye aliyeliondoa kwa sababu wateja walikuwa wanaona haya. Alitarajia kufukuzwa. Ndinda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua simu yake.

"Lakini mimi niliuliza," alisema.

"Uliuliza wapi?"

"Kwake. Nilibonyeza pale kwa picha yake. Niliogopa kuuliza mtu hapa Mtwapa, kila mtu ananijua. Nikaona ni mama mtu mzima, yuko mbali, hanijui. Nikamwambia kila kitu. Sikiliza."

Akagusa kioo. Sauti yake mwenyewe ilisikika kwanza, ndogo, ya mtu anayezungumza akichungulia mlangoni: "Shikamoo mama. Mimi nimekuwa nikijipaka krimu ya kung'arisha, karibu mwaka sasa, hata mchumba wangu hajui. Nikitumia singo yako haitanidhuru?"

Kisha sauti ya Bi Mwanamina, tamu, yenye kicheko ndani yake, ikasema: "Marahaba, mwanangu. Ondoa shaka. Singo yetu ni ya asili, yafaa ngozi zote. Bonyeza hapo chini, nami nitakutengenezea kwa mkono wangu."



"Alinijibu haraka," Ndinda alisema. "Nilifurahi. Nikasema huyu mama ana roho nzuri, hakunigombeza." Alishusha mtandio. Shavu moja lilikuwa limeanza kukauka, jeusi pembeni. Jingine bado lilikuwa bichi. "Sasa watu wa Mutuku, mchumba wangu, wameuliza kwa nini wenzangu niliowapaka singo ile ile hawakuungua. Daktari aliwaambia ni krimu. Mutuku alikuja hapa mara moja. Alisema si uso unaomsumbua, ni kwamba nilimficha. Hajapiga tena."

"Ninaweza kuzungumza naye. Nikamweleza."

"Umweleze nini? Kwamba kompyuta ilinidanganya? Mimi nilimdanganya kabla ya kompyuta." Akajifunika tena. "Huyo shangazi yako, ningempata yeye mwenyewe, angeniambia nini?"

Raiya alitaka kusema hajui. Lakini alijua, alikuwa amelisikia tangu utotoni. "Angekutengenezea nyingine isiyo na karafuu. Na asingemwambia mtu."

Ndinda alitikisa kichwa polepole. "Nenda tu, dada," alisema. "Nenda."

Raiya alimkuta shangazi yake ukumbini, tasbihi mkononi. Aliketi chini mbele yake, akamweleza yote bila kuruka kitu: swali, mstari wa kijivu, Joram, sentensi za Idi, tangazo la Ayman. Mwisho akamchezea ile sauti, kwa kuwa Ndinda alikuwa amemtumia.

Bi Mwanamina alisikiliza na kichwa amekiinamisha. Ilipokwisha akasema, "Irudie." Raiya akairudia.

"Kwa hivyo aliniuliza."

"Alikuuliza, shangazi."

"Akaniamkia, akanieleza siri yake. Nami nikamjibu uongo."

"Si wewe uliyejibu."

"Yeye amsikia nani?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Amsikia nani hapo, Raiya? Wewe umeketi na wanawake wangapi ukiwatazama vidole? Ulipotaka kujua wapenda kitufe wapi, uliwaita. Kulitoa swali langu hukuniita, nami nilikuwa hapa chini."

Raiya alilia. Bi Mwanamina hakumfuta machozi wala hakumfukuza. Aliendelea kuvuta tasbihi.

Ijumaa, Ayman alipokuja, mamake alimwambia aufunge ukurasa. Ayman alimbusu mkono, akazungumza kwa upole. Alisema leseni iko kwa jina lake, jina la duka amelisajili yeye, kuna watu ameingia nao mkataba Mombasa, kufunga si jambo la leo na kesho. Alisema Mama asijali, picha yake itaondolewa.

"Picha iondoe. Na sauti?"

"Sauti wateja wameizoea, Mama."

Bi Mwanamina aliuondoa mkono wake. Siku iliyofuata alikwenda Mtwapa na Easter, wamebeba liwa na mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. Mwenye saluni aliwaambia Ndinda amerudi kwao Ukambani na hakuacha nambari. Wakarudi na vitu vyao.

Wiki hiyo hiyo alifunga virago, akahamia Kilifi kwa mdogo wake. Easter alimfuata. Raiya alijitolea kuwasindikiza; shangazi yake alimwambia gari limeshajaa, na halikuwa limejaa. Ayman alipopiga simu kutaka ukurasa upambwe upya kwa Ramadhani, Raiya alimwambia atafute mtu mwingine, akampa nywila zote. Joram aliichukua kazi. Ukurasa haukusimama hata siku moja. Uliendelea kuwa rahisi, mwepesi, kila kitu mahali pake, na wanawake waliendelea kuusifu kwamba haumsumbui mteja.

Raiya alihama nyumba ile, akapanga chumba Kilifi, akapata kibarua cha kuwafundisha vijana kompyuta. Alikwenda kwa shangazi yake siku ya kwanza ya Idi, amevaa vizuri, amebeba halua. Yule shangazi mdogo alimpokea kwa heshima zote, akamkaribisha kiti, akamletea sharubati.

"Amelala," alisema. "Hajisikii vizuri."

Raiya alisema atasubiri. Alikunywa sharubati mpaka ikaisha. Nyuma ya pazia la chumba alimsikia Bi Mwanamina akizungumza na Easter, sauti yake ya kawaida, wakibishana kama chumvi ya mchuzi imetosha. Shangazi mdogo naye aliisikia. Akainamisha uso na kuanza kukusanya vikombe.

Raiya aliiacha halua mezani, akaaga, akavaa viatu vyake mlangoni.